Mkono wa Mwalimu Constantine

Bariadi ilipofanywa makao makuu ya mkoa, kila mwenye chumba karibu na stendi alikipangisha. Kimoja kikawa duka la simu, kingine ofisi ya wanunuzi wa pamba, na cha katikati, chenye mlango wa kijani, kikawa kituo cha kompyuta cha Mwalimu Constantine. Alikuwa ametoka Mwanza na mashine zake juu ya lori la mbao, kaziviringisha kwenye magodoro kama wagonjwa. Alikuwa mtu nadhifu, anachomekea shati hata akienda kuchota maji, na ukucha wa kidole kidogo cha mkono wake wa kulia aliufuga mpaka ukachomoza kama kijiti cha kuchokolea meno.

Scola alijiunga hapo baada ya kumaliza kidato cha nne. Baba yake, Shigela, mkulima wa pamba kule Nkololo, alitaka ajifunze cherehani. Scola akachagua kuhariri picha.

"Picha inahaririwaje?" Shigela aliuliza. "Si ukishapigwa umepigwa?"

"Siku hizi hapana, baba."

Mwalimu Constantine hakuamini katika kuandikisha watu nukuu. Alifundisha kwa kazi. Wiki hii mnasafisha picha ya zamani iliyoliwa na mende, wiki ijayo mnachora embe kwa brashi ya kompyuta mpaka mtu atamani kulila. "Picha ya kompyuta ni kama mtu aliyevaa nguo tatu," alisema siku alipofundisha matabaka. "Kila nguo unaweza kuivua peke yake bila kugusa nyingine." Wanafunzi wakacheka, yeye hakucheka.

Kisha akatoa kazi kubwa ya mwisho wa muhula. Kila mwanafunzi achukue watu waliopigwa picha mahali tofauti, awaweke pamoja, na mshono usionekane.

Wengi walijiunganisha na wanamuziki. Scola alimfikiria bibi yake.

Bibi Milembe alikuwa na wana wawili, Kasmiri mkubwa na Shigela mdogo. Walijenga mkono huu na mkono ule wa nyumba ya mama yao, katikati wakapanda ua wa minyaa, na walikuwa hawasemeshani. Ugomvi ulikuwa wa maksai aliyeitwa Diwani, urithi wa baba yao, ambaye walikuwa wakimtumia kwa zamu kukokota plau. Diwani alifia zizini kwa Kasmiri. Shigela akasema amefanyishwa kazi kupita kiasi. Kasmiri akasema aliletwa kwake tayari anaumwa. Tangu hapo hata kanisani Shigela alikaa upande wa wanaume, na Kasmiri, ili asikae naye, akahamia kwenye viti vya kwaya. Hakujua kuimba. Mwalimu wa kwaya alimwomba angalau awe anafungua mdomo.

"Unaweza kweli kuniweka nao wote wawili?" Bibi Milembe alimuuliza mjukuu wake.

"Naweza, Bibi."

"Basi niweke katikati. Na Kasmiri amshike mwenzake bega, kama walivyokuwa wadogo."

Scola akaazima kamera ya kituo. Alimpiga bibi kwenye kiti, akampiga baba yake mbele ya nyumba, kisha akazunguka minyaa kwenda kwa Kasmiri.

"Shikamoo, Baba Mkubwa. Nina kazi ya shule, naomba nikupige picha."

Kasmiri alivaa koti lake la kahawia, akasimama wima kama anapigwa picha ya pasipoti, mikono yote miwili kaificha mgongoni. Scola alimbembeleza anyooshe mkono mmoja pembeni.

"Ninyooshe namshika nani?" Kasmiri alisema. "Piga hivyo hivyo."

Kwa hiyo picha ilipofika kwenye kompyuta ilikuwa na wana wawili, mama mmoja, na upungufu wa mkono. Scola alimweleza mwalimu shida yake. Constantine alitazama kioo, akatazama mwanga unatokea upande gani, akaenda kusimama karibu na dirisha na kuweka mkono wake wa kulia juu ya mgongo wa kiti.

"Piga," alisema. "Kwa ajili ya elimu."

Scola aliukata mkono ule, akaubandika begani kwa baba yake, akaupaka mkono wa shati rangi ya kahawia ufanane na koti. Ngozi ya mwalimu ilikuwa ya mtu wa kivulini, akaikoleza iwe ya mtu wa shambani. Alifuta kivuli cha mti, akatengeneza kivuli kingine, akalainisha kingo. Precious, aliyekaa naye kompyuta moja, alisema hata Mungu angedhani aliwaumba pamoja. Ukucha hakuna aliyeukumbuka.

Scola aliichapisha picha ile kwa ukubwa, akaitia fremu, akampelekea bibi yake Ijumaa. Bibi Milembe aliishika kwa mikono miwili, kisha akaitundika sebuleni mkabala na mlango ili hata anayepita njiani aione.

Jumamosi ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe. Kasmiri hajafunga vizuri kamba ya ndama wake, mzee Maganga akaja kumpa mkono.

"Mwangaluka! Hongera sana. Umefanya jambo la kiume kumuomba msamaha mdogo wako."

"Nimemuomba nani?"

"Usione haya, tumeona picha."

Upande wa pili wa mnada Shigela naye alikuwa akipongezwa kwa kukubali kosa. Kila mmoja aliacha ng'ombe wake kwa jirani, akashika njia, na wakafika mlangoni kwa mama yao kwa wakati mmoja. Walisukumana kidogo, maana hakuna aliyetaka kumpisha mwenzake, wakaingia pamoja kwa ubavu.

Walisimama mbele ya picha.

"Huo si mkono wangu," alisema Kasmiri, akimwambia mama yake.

"Na mimi sijawahi kusimama hapo," alisema Shigela, naye akimwambia mama yake.

"Mbona mnaonekana?" alisema Bibi Milembe.

"Mayu, mama yangu, tazama ukucha huo! Mimi ninalima. Ukucha kama huo ungefika wapi?"

Bibi Milembe akasogea karibu, akautazama. "Kweli," alisema, "hukuukata."

Ilibidi Scola aitwe kutoka jikoni aeleze. Aliposema mkono ni wa mwalimu wake, Kasmiri alikaa kwenye kigoda kama mtu aliyepigwa.

"Kwa hiyo kuna mwanamume Bariadi anamshika Shigela bega kwa jina langu?"

"Tena hatumjui kwao," aliongeza Shigela.

Lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana tangu Diwani afe, ingawa hawakulitambua. Jumatatu asubuhi walitaka kwenda mjini kumwona huyo mwalimu, na kijiweni palikuwa na bodaboda mmoja tu. Wakapanda mishikaki, Shigela katikati, Kasmiri nyuma, Scola akiwa ametangulia na basi. Kasmiri aliapa hatamshika mtu. Aling'ang'ania chuma cha nyuma mpaka walipofika penye tope la udongo mweusi wa mbuga, pikipiki ikacheza, naye akamkumbatia ndugu yake kiunoni kwa mikono yote miwili, akapiga kelele ya kumtaja Bikira Maria. Tope lilipokwisha akamwachia, akasema, "Nilikuwa nazuia mzigo."

Mwalimu Constantine alikuwa anafundisha walipoingia.

"Wewe ndiye mwenye mkono?" aliuliza Kasmiri.

"Mkono upi, mzee wangu?"

"Toa wa kulia."

Constantine alitoa. Kasmiri akaukamata, akaugeuza, akamwonyesha Shigela ukucha. Wanafunzi wote wakageuka kwenye viti vyao. Mwalimu aliyezoea kuitwa mtaalamu alisimama mbele ya darasa lake, mkono umeshikiliwa kama wa mwizi wa kuku.

"Wazee wangu," alisema kwa sauti ndogo, "kwenye kompyuta hakuna kosa lisilofutika. Scola, fungua ile picha."

Wakaletewa viti, wakakaa mmoja kulia na mmoja kushoto kwa Scola. Picha ikafunguka. Scola akabonyeza mara moja, mkono ukatoweka.

"Afadhali," alisema Shigela. Kisha akakohoa. "Na yeye mwenyewe anaweza kutoka?"

Scola alisita, akabonyeza. Kasmiri akatoweka na koti lake. Pale alipokuwa pakabaki ukuta na kipande cha minyaa.

Kasmiri alitazama pengo lake. "Na huyu mwingine," alisema, "mtoe pia."

Scola akabonyeza tena. Sasa kwenye kioo alikuwa amebaki Bibi Milembe peke yake kwenye kiti, kitenge chake cha sikukuu, uso wake umeelekea juu kidogo, anatabasamu kwa watu ambao hawapo.

Precious alijifanya anatafuta kalamu.

"Mrudishe," alisema Shigela hatimaye.

"Nimrudishe nani, baba?"

"Huyo. Kaka."

Scola akamrudisha Kasmiri, na kabla hajaambiwa akamrudisha na baba yake. Kasmiri alijifuta uso kwa mkono wa koti, akalaumu vumbi la barabarani, akauliza kwa ukali kama kompyuta hii inaweza kuchora kitu ambacho hakijapigwa picha.

"Inachora chochote, Baba Mkubwa. Mkinieleza."

"Mchore Diwani, basi. Asimame hapo nyuma yetu."

Scola alifungua tabaka jipya, akachagua brashi, akaanza. Hapo ndipo kituo kizima kilipoacha kusoma.

"Diwani alikuwa na tumbo kubwa," alisema Shigela.

"Upande wa kushoto tu," alisema Kasmiri. "Na pembe moja ilikuwa imelala."

"Mvivu asubuhi! Mpaka umchape ndipo anyanyuke."

"Umchape wewe? Diwani alikuwa hakusikilizi kabisa. Alikuwa anakujambia usoni."

Mtu mmoja aliyekuja kutoa fotokopi ya vyeti alijongea, akawainamia. "Wazee, punguzeni sauti. Diwani mwenyewe yuko hapo nje kwenye benchi, anasubiri barua yake ichapwe."

Mlangoni akachungulia mwanamume mnene aliyevaa kaunda suti, akawatazama, akajitazama tumbo upande wa kushoto, akarudi kukaa.

Wakaendelea kwa kunong'ona. Pembe ilipigwa brashi mpaka ikalala vizuri. Baka jeupe la kwenye paji la uso lilifutwa na kurudishwa, kwa sababu Kasmiri alisema lilikuwa kama jani na Shigela alisema lilikuwa kama ramani ya Ziwa. Ng'ombe alikuwa amefika kiunoni, bado hana miguu ya nyuma, umeme ukakatika.

Walitoka nje kivulini kungoja. Diwani wa kata alikuwa ameshaondoka. Mama aliyekuwa akiuza vitumbua pale akawapa sahani moja, hakuwa na nyingine, wakala kwayo.

"Alikuwa ana umri gani yule?" aliuliza Shigela.

"Baba alimnunua mwaka niliooa," alisema Kasmiri.

Wote wawili wakahesabu kimya kimya. Mtoto wa kwanza wa Kasmiri alikuwa ameshaoa.

"Alikuwa mzee," alisema Shigela.

"Mzee sana. Miezi ile ya mwisho nilikuwa namsaidia kusimama. Plau nilikuwa namfungia kwa heshima tu."

"Mbona hukusema?"

"Ungesema nimemchosha."

"Ningesema," alikubali Shigela, akamsogezea kitumbua kilichobaki.

Umeme uliporudi, Scola aliwasha kompyuta, akaifungua kazi yake, akashika kichwa. Hakuwa amehifadhi. Diwani mzima alikuwa ameondoka, pembe, tumbo na baka.

"Amekufa tena," alisema Kasmiri.

"Safari hii hakufia kwangu wala kwako," alisema Shigela, na Kasmiri akacheka mpaka akashika meza. Mwalimu Constantine, aliyekuwa ameketi mbali na mkono wake mfukoni, alicheka pia, kwa tahadhari.

Wakaanza upya, na mara hii maelezo yalitoka haraka, mmoja akianza sentensi na mwingine akiimaliza. Baka la usoni walikubaliana lilikuwa kama jani lililokaa kama ramani. Ilipofika zamu ya mkono, Kasmiri alikataa wa kuazima. Alisimama dirishani penye mwanga, Shigela akasimama mbele yake, Scola akapiga picha. Kasmiri aliweka mkono begani, akauacha hapo hata baada ya kamera kulia.

Mwalimu alimpa Scola alama za juu, akamkata kidogo kwa sababu ng'ombe alikuwa mkubwa kuliko nyumba. Ndugu wale walisema ndivyo alivyokuwa. Bibi Milembe alipoletewa picha mpya aliiweka chini ya ile ya zamani, akakataa kuishusha ya kwanza. Alisema huyo mwalimu naye ni mtoto wa mtu. Minyaa haikung'olewa, lakini Kasmiri alikata mwanya wa kupita, na kwaya ikapata nafuu.

Sifa za Diwani zilifika mbali. Kabla pamba haijaanza kuvunwa, watu walikuwa wanapanga foleni kwenye mlango wa kijani, huyu anataka kuongezewa nywele, yule anataka asimame na fahali aliyemuuza zamani akajutia. Constantine alikata ukucha, akamwajiri Scola. Siku yake ya kwanza kazini mteja alikuwa mwanamke mmoja, Esteria, aliyekuja kwa basi kutoka Malampaka na picha ya harusi kwenye mfuko wa nailoni.

"Namtaka huyu bwana atoke," alisema, akigusa uso wa mumewe kwa kidole. "Lakini suti ibaki. Suti nilimshonea mimi."

Scola akavuta kiti, akawasha kompyuta. "Ndani ya suti tumweke nani, mama?"

Esteria akafikiri. "Acha kwanza nione wanaofaa," alisema, akageuka kuwatazama waliokuwa kwenye foleni.