Kompyuta ya Alexander

Teodora aliingia kwenye kibanda cha gemu pale Mabatini kwa nia moja tu, kugomba. Na alikuwa ametumwa. Kwaresima ile ni yeye mwenyewe aliyesimama mbele ya jumuiya yao, mikono kiunoni, akasema vibanda vya gemu vinaharibu watu, mtu mzima na akili zake anakaa saa tatu anakimbiza mpira ambao haupo. Akina mama wakapiga makofi. Paskazia, mwenyekiti wao, akasema basi mmoja aende akaongee na mwenye kibanda, na macho yote yakamwendea Teodora: mjane, mtulivu, mtu wa rozari, asiyepitwa na jambo.

Mwenye kibanda, Elias, bwana mnene wa makamo, alimsikiliza mpaka nusu, kisha akamvutia kiti.

"Shikamoo mama. Kaa kwanza."

"Marahaba. Sikuja kukaa."

"Kaa tu uone. Utatuhukumuje na hujaona?"

Hapo alikuwa na hoja. Teodora akakaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, ili aonekane anapita tu. Kwenye skrini palikuwa na lori, na mezani palikuwa na usukani wa plastiki umebanwa kwa skrubu. Marehemu mume wake, Zadok, aliendesha lori miaka kumi na tisa, kupeleka pamba Dar na kurudi na saruji, na miaka yote hiyo Teodora hakupanda lori lile hata mara moja. Yeye kazi yake ilikuwa kuuliza kwa nini umechelewa. Akagusa usukani kwa kidole kimoja, kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto. Kisha kwa mikono miwili.

Alipotoka, jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa barabara, nguzo nne na kituo kimoja cha mafuta vilikuwa vimegongwa, na hakuna aliyegombezwa. Jumuiya iliambiwa kwamba mazungumzo yalikuwa mazuri na mtu ameelewa. Mtu alikuwa ameelewa kweli.

Sasa kurudi kibandani asingeweza. Mabatini nzima inamjua. Akaamua atafute kompyuta yake, aiweke sebuleni, pazia lishuke, na Mungu ambaye anaona yote aone na hilo. Akaenda Mirongo kwa Masele, fundi wa kompyuta mwenye mvi kidevuni, akamwambia anataka inayoweza kubeba lori, na akataja pesa aliyokuwa nayo. Masele akajikuna kidevu kwa heshima.

"Kwa pesa hiyo, mama, tunaunga kimoja kimoja, vya mtumba. Ni ya nani?"

"Mjukuu," Teodora akasema. Mjukuu alikuwepo kweli, Alexander, yuko Bukoba. Ana miaka minne.

Masele akamwandikia karatasi: kasha, mazabodi, prosesa, ramu, saplai ya umeme, diski, grafiksi kadi. Usukani yeye angemwazimia kwa rafiki yake. Akaeleza kwamba mazabodi ni ubao wa kuunganishia vyote, na kadi ndiyo inayochora lori na barabara, hivyo pesa nyingi iende huko, na akamwekea mbili kwenye meza, achague. Teodora akazichukua, moja kila mkono, akazipandisha na kuzishusha.

"Mama, haipimwi kilo hiyo."

"Baba, mimi nimeuza sangara miaka ishirini na mbili. Mkono huu haudanganywi."

"Hiyo ndogo ndiyo ya kisasa. Hilo kubwa ni la zamani sana, linakula umeme kama mashine ya kusaga."

Teodora akalitazama lile kubwa. Lilikuwa na feni tatu, zito, limeshiba. Ile ndogo ilionekana kama imevuliwa kabla ya wakati wake. Akalipa lile kubwa, akalifunga kwenye kanga, akatoka na furaha ya mtu aliyemzidi ujanja mwenye duka.

Vingine vilivyobaki angenunua polepole, na pengine mambo yangekwenda vizuri, kama karatasi ya Masele isingekuwa inakaa ndani ya kitabu chake cha sala. Alhamisi, kwenye jumuiya nyumbani kwa Odeta, alifungua asome zaburi na karatasi ikaanguka miguuni kwa Paskazia.

"Mazabodi," Paskazia akasoma kwa sauti. "Teodora, mazabodi ni nini?"

"Vifaa. Vya kompyuta." Akanyosha mkono apewe karatasi. "Ni mambo ya Alexander. Mambo ya masomo."

"Yule wa Bukoba? Amefika chuo tayari?"

Teodora akakohoa. Kikohozi si neno, alijiambia baadaye, na mtu hawezi kuungama kikohozi. Wenzake wakakipokea kama ndiyo.

Sasa akina mama wale, ukiwatajia shughuli, iwe ubatizo, iwe msiba, wanafanya kitu kimoja: wanagawana orodha. Huyu mchele, huyu mafuta, huyu sufuria, na siku ya siku kila mtu anakuja na chake na chakula kinapikika. Kabla Teodora hajapata pumzi, karatasi ilikuwa imeshazunguka.

"Mjane anasomesha mjukuu peke yake na sisi tupo? Kasha langu," akasema Dorcas.

"Ramu mimi," akasema Odeta. "Ni neno fupi, halitakuwa ghali."

Paskazia akachukua saplai ya umeme, kwa kuwa yeye ni mwenyekiti. Wengine wakamaliza mistari iliyobaki. Teodora alisema hapana mara tatu, lakini kwa sauti ile ambayo mtu anaitumia kukataa soda ya pili.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi mchana, sebule yake ilijaa. Vifaa vilipangwa mezani juu ya kitambaa cha kudarizi, kama zawadi za bibi harusi, na Masele akaitwa aje aunge. Alivikagua kimoja kimoja. Akavirudia. Kisha akamwomba Teodora waongee jikoni.

"Mama, nani alinunua hivi vitu?"

"Watu tofauti. Kila mmoja alijitolea."

"Basi. Maana vyote ni vizima, ila havijuani. Prosesa ina miguu, na mazabodi nayo ina miguu. Mmoja wao alitakiwa awe na matundu. Ramu ni ya laptop, fupi. Kasha lina taa saba, zuri sana, lakini mazabodi imelizidi vidole viwili. Saplai ya mama mwenyekiti ni nzima, ila kwa hilo kadi lako, ikiwaka dakika mbili itanuka."

"Hilo kadi nilichagua mwenyewe," Teodora akasema kwa sauti ndogo.

"Nilikuwepo." Masele akashusha sauti. "Niachie nivibebe dukani. Nitabadilishana na wenzangu, na hilo kadi ulirudishe. Jumanne kompyuta inawaka. Hawa waambie ni mambo ya kiufundi. Hakuna atakayejua."

Hakuna atakayejua. Teodora alikaa na maneno hayo pale kando ya jiko, akaliona lori, akaiona na sebule yenye pazia limeshuka. Lilikuwa jambo jepesi. Ni kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa ameshaanza.

"Teodora!" Paskazia akaita. "Njoo tuombe kwanza, fundi ndipo aendelee."

Wakasimama, wakashikana mikono. Paskazia anapoomba, anaomba kweli. Akamwombea Alexander akili ya kuelewa, akamwombea walimu wema, akamwombea aepushwe na makundi mabaya ya hapo chuoni na wasichana wasiojiheshimu. Teodora alimwona Alexander na kikombe chake cha uji chenye picha ya sungura. Wote wakasema, "Amina."

Yeye yake haikutoka. Paskazia akafumbua jicho moja.

"Mbona huitikii?"

"Ana miaka minne," Teodora akasema.

"Nani?"

"Alexander. Kompyuta ni yangu. Nataka kuendesha lori."

Akasema yote, wala hakujipunguzia: kibanda cha Elias, kituo cha mafuta, kikohozi. Alipomaliza, Paskazia akaiachia mikono aliyoishika.

"Ni wewe," Paskazia akasema taratibu, "ni wewe uliyesimama kutuambia."

"Ni mimi."

"Nimemwombea mtoto wa miaka minne juu ya wasichana."

"Nisamehe, mwenyekiti."

Paskazia akachukua saplai yake, akaifunga waya kwa utulivu, akaitia kwapani. "Kukusamehe nitakusamehe, ni amri. Lakini umeme wangu naondoka nao." Dorcas akafuata na kasha lake. Mmoja mmoja wakatoka na vifaa vyao, wengine wamebana midomo, na Teodora hakujua kama ni hasira au kicheko. Aliposikia mtu amepasuka nje ya geti, akajua. Kesho kanisa zima litakuwa na lori hilo.

Alibaki Masele na bisibisi yake, na alibaki Odeta, amekaa kwenye kochi wala hana haraka.

"Ramu yangu siichukui," Odeta akasema. "Fundi ataibadilisha. Ila lori likiwaka, zamu yangu Jumatano na Jumamosi."

Teodora alitegemea kwamba mtu akishasema kweli yake mbele ya Mungu na majirani, moyo unakuwa mweupe, mkarimu. Badala yake akajikuta amelikumbatia lile kadi zito kifuani.

"Una leseni?" akauliza.

"Wewe unayo?"

Teodora akafikiri. "Mimi nimekaa na dereva," akasema, na akakaa kando yake kwenye kochi, akasogea kidogo tu, waenee wawili mbele ya meza isiyo na kitu ila ramu.