Kumkalia Leonidas

Mwanaume akienda porini kurina asali, mkewe humkalia. Ndivyo walivyosema watu wa vijiji vile vya nyuma ya Mitundu, na hawakusema kwa mzaha. Kumkalia maana yake mwanamke asivuke mlango wa boma mpaka mume arudi. Asinyoe nywele. Asimpe mwanaume mkono. Moto wake usizimike. Na kubwa kuliko yote, asipandishe sauti, kwa sababu mke akigomba nyumbani, nyuki wa porini hukasirika, na mtu aliye juu ya mti, mkono ndani ya mzinga, hana pa kukimbilia.

Raheli aliyajua hayo tangu utoto. Mama yake alimkalia baba yake kila mwaka, tena siku chache tu, maana baba yake alikuwa mwoga wa simba na hakupenda kulala porini. Kwa hiyo Leonidas alipofunga kamba na shoka lake kiangazi kile, Raheli hakuona kitu kigeni. Ulikuwa wakati wa vita vya Hitla. Serikali ilitaka nta, ilitaka na watu wa kupeleka kwenye mashamba ya mkonge, na kila mwanaume alijipa moyo kwamba mwenye nta ya kupeleka dukani hataguswa. Leonidas alimwambia mkewe, "Uwele ukipandwa utaniona hapa na jembe langu." Akachukua kibuyu cha maji, akaenda.

Uwele ukapandwa, ukaota. Wenzake wawili wakarudi na madebe yao. Wakasema Leonidas aliwaacha kambini, akasogea mbele zaidi kwenye mizinga yake mingine. Walisema hivyo wakiangalia chini, wakaenda zao. Basi, kama yuko porini bado, Raheli naye anamkalia bado.

Boma la baba mkwe wake, Mzee Melkizedeki, lilikuwa la kawaida: tembe ya udongo iliyoinama, zizi katikati, uzio wa miiba pande zote. Mlango wake haukuwa na mtu wa kuulinda. Mchana kutwa ulikuwa wazi, mbuzi wanatoka, mbuzi wanaingia. Raheli alikaa na jiwe lake la kusagia mahali ambapo mlango ule alikuwa anauona, na nje ya mlango aliona njia, na nje ya njia kichaka kilichoanza kuwa kijani. Alisaga uwele wa nyumba nzima. Kuni aliletewa, maji aliletewa, kama mgonjwa au kama malkia. Nywele zikamjaa kichwani mpaka kitambaa kikawa hakifungi vizuri.

Aliyemletea maji ni wifi yake Lea, mwanamke aliyeachika mara mbili na mdomo wake ukiwa sababu mara zote mbili.

"Wifi," Lea alimwambia siku moja akitua mtungi, "hata kuku wanatoka wakirudi. Wewe umepitwa na kuku."

Raheli akaendelea kusaga.

"Nijibu basi. Nimechoka kugomba peke yangu."

"Nikikujibu kaka yako atang'atwa na nyuki," Raheli akasema kwa sauti ya chini.

"Mwache ang'atwe. Ndiyo atarudi mbio."

Raheli akacheka, halafu akaziba mdomo upesi, akatazama miti ng'ambo ya uzio kana kwamba kicheko kile kimeshaondoka na kiko njiani kumtafuta Leonidas.

Mambo yangekwenda hivyo tu, ya kuchosha lakini ya kuvumilika, isipokuwa habari za mama yake. Palizi ya kwanza ilikuwa haijaisha, mpita njia mmoja akasimama mlangoni akasema kwamba Marietha, mama yake Raheli, ameanguka akichota maji, halali wala haketi, na anauliza kama Raheli amefika. Nyumba ya Marietha ilikuwa mwendo wa asubuhi moja. Mtu akitoka jua linachomoza, anafika kabla halijawa la utosi.

Raheli akamwendea baba mkwe, akapiga magoti mbali kama ilivyo desturi, uso pembeni, akaomba. Mzee Melkizedeki alisikitika kweli. Akaahidi palizi ikiisha atamruhusu, atatafuta namna, wazee wana namna zao za kulifungua jambo. Palizi ikaisha. Mzee akasema mvua ni kubwa. Mvua ikapungua. Mzee akasema anangoja ndugu yake.

Raheli akamtumia habari kaka yake Andrea, aje azungumze kiume. Andrea akajibu kwamba atakuja Jumapili. Jumapili ile Raheli alijipaka mafuta miguuni, akafunga unga wa kumpelekea mama yake kwenye kitambaa, akakaa akiutazama mlango. Baadaye ikajulikana kwamba Andrea alisikia askari wa mtemi wako barabarani wanakamata vijana wa kwenda kwenye mkonge, akageukia kichakani, na huko kichakani akakaa.

Akabaki mwalimu Fabiano, yule wa dini, aliyembatiza Raheli pale Mitundu. Alikuja na baiskeli yake, akaongea na Mzee chini ya paa la tembe muda mrefu, wanacheka. Alipotoka alipita kwenye uzio, akamwambia Raheli kwa kunong'ona kwamba ameona bado si wakati wa kulitaja, Mzee amempokea vizuri, atarudi kulimalizia jambo lile. Kwenye usukani wa baiskeli kilining'inia kibuyu cha asali. Hakurudi.

Raheli hakumkasirikia mtu, maana hata kukasirika alikatazwa. Hilo ndilo lililombana kuliko miiba. Aliomba Mungu asubuhi na jioni, ombi moja tu: Leonidas arudi, ili yeye aende kwa mama. Aliomba mpaka maneno yakawa kama mlio wa jiwe la kusagia, yanakwenda na kurudi.

Ndipo Lea akarudi kutoka Mitundu alikokwenda kuuza kuku. Alitua kikapu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kutania. Akachuchumaa karibu na jiwe.

"Wifi, mama yako yupo, lakini amebaki mifupa. Jirani aliyekuwa anampikia uji amechoka." Akashusha sauti. "Na lingine. Leonidas hayuko porini. Nimekutana na mtu aliyemwona akipandishwa gari moshi stesheni ya Itigi, yeye na wengine, wanapelekwa pwani kwenye mkonge. Kiangazi kile kile alichoondoka. Na baba anajua. Mtu huyo alikuja hapa mwenyewe akamwambia, wakati wa kupanda."

Raheli aliinuka na unga mikononi. Mzee Melkizedeki alikuwa zizini akichonga mpini wa jembe. Raheli akapiga magoti mahali pake, mbali, uso pembeni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, Leonidas alipanda gari moshi Itigi?"

Kisu kikasimama. Mzee hakuuliza amesikia wapi. Alilitaja tu jina la Lea, taratibu, kama mtu anayetaja ugonjwa wa siku nyingi. Halafu akasema ni kweli. Askari walimkamata kisimani, amebeba nta yake, wala hakuna aliyeitazama hiyo nta.

"Sasa namkalia nini, baba? Kule hakuna mizinga."

"Pori ni pori," Mzee akasema. "Mkonge ni pori. Hilo gari moshi nalo ni pori. Mtu akiwa mahali asipojulikana baba yake, huyo yuko porini. Nasikia kule wanakufa kwa homa. Vijana wa yule jirani wa ng'ambo wamekufa wawili. Wangu sijasikia. Kwa nini sijasikia? Kwa sababu wewe umekaa."

"Mama yangu anakufa."

"Nimeambiwa."

"Uliniahidi, baba."

"Niliahidi, halafu nikaogopa." Akageuza mpini, akautazama upande wa pili kana kwamba kuna kosa huko. "Sitakushika, mwanangu. Mlango ule pale. Lakini ukitoka, na kesho ikaja habari mbaya, mimi sitakuambia neno. Wewe mwenyewe utajiambia nini?"

Raheli akarudi kwenye jiwe. Angepigwa, angejua la kufanya, angekimbia. Angefungwa kamba, angeikata. Lakini mzee amemwachia mlango wazi, na mlangoni amemlaza Leonidas, amruke.

Alisaga siku ile mpaka Lea akamwambia unga unatosha wiki nzima. Aliwaza, na mawazo yake hayakuwa ya mtu aliyesoma sana; yalikwenda hatua kwa hatua. Leonidas alikamatwa kiangazi. Kiangazi kile yeye Raheli alikuwa amekaa vizuri kabisa. Moto ulikuwa unawaka. Hakumgombeza hata mbwa. Hakutoka hata kuokota embe bichi la porini lililoangukia nje ya uzio. Alikaa kama walivyomfundisha, na hata hivyo askari walifika kisimani wakamshika mume wake mkono. Basi kukaa kwake hakukumzuia askari. Na kama hakukumzuia askari, kutazuiaje homa, pwani, nchi ambayo hata jina la mito yake halijui?

Halafu likamjia la pili, nalo lilimtisha zaidi. Kama Leonidas bado anapumua, basi kuna mwingine anayemshika, na si yeye. Huyo hakuahidi kuja Jumapili. Huyo hapewi kibuyu cha asali akasahau alichokuja kusema. Alikuwa anamwomba kila siku, lakini kumbe alikuwa anamwomba kama mtu anayemwomba jirani amsaidie kubeba mzigo huku mwenyewe hauachii. Miezi yote ile alikuwa ameung'ang'ania.

Hakuna kilichofunguka moyoni. Hakusikia raha. Alisikia hofu ile ile, ila sasa alijua pa kuipeleka.

Asubuhi, jua likiwa limeshatoka, alipiga magoti tena mbele ya baba mkwe.

"Baba, umeniuliza nitajiambia nini. Nitajiambia kwamba sikuwa mimi niliyemshika. Leonidas nimemkabidhi kwa Mungu. Naenda kwa mama."

Mzee aliinuka akaingia zizini, akawa anatafuta kitu chini kati ya ng'ombe, kitu ambacho hakikuwepo, na mgongo wake ulikuwa kwa mlango ili asimwone akitoka.

Lea alimfungia unga na chumvi kidogo. "Nenda wifi. Moto nitauangalia mimi. Si kwa ajili ya nyuki, nataka kupikia."

Njiani hakuimba wala hakukemea woga. Kila mti ulipotikisika alisema moyoni, nimemuua. Akapiga hatua nyingine, akasema, hapana, yuko kwa Mungu. Akapiga nyingine, akasema, nimemuua. Alikwenda hivyo mpaka Mitundu ilipobaki nyuma. Mzee mmoja mwenye punda alimsalimia, akamnyooshea mkono. Raheli aliuangalia ule mkono kama mtu aliyeonyeshwa kisu, kisha akaupokea. Ulikuwa mkono wa kawaida, mkavu, wa mtu aliyelima.

Mama yake alikuwa hai. Alikuwa amelala kwenye ngozi karibu na mlango, mdogo kuliko mtu mzima anavyotakiwa kuwa. Hakusema umekawia. Alimshika kichwa, vidole vikazama kwenye nywele, akauliza, "Mume wako amerudi?"

"Hapana, mama."

"Sasa nani amekutoa?"

Raheli alimwambia yote huku akikoroga uji. Marietha alisikiliza macho yamefumbwa. Mwisho akasema baba yake Raheli naye angekamatwa kama angekuwa hai, na asingekimbia mbali kwa vile miguu yake ilivyokuwa, wakacheka wote wawili. Akanywa uji kidogo, akalala.

Siku ya tatu Mzee Melkizedeki akaja.

Raheli alimwona kwa mbali na fimbo yake, akajua. Bakuli likamwagika. Mzee hakuja moja kwa moja. Kwa heshima ya mkwe mwenziwe hakuweza kuingia ndani alimolala Marietha, wala kumtazama, kwa hiyo alikaa nje, akaegemea ukuta wa tembe, mgongo kwa mlango. Raheli akatoka, akapiga magoti, akasalimia. Akangoja kupigwa na habari.

"Hakuna habari," Mzee akasema.

Raheli hakuelewa.

"Nimekuja kukuambia hakuna habari. Nilijua utaniona ukafikiri ipo." Alipumua. Alikuwa amechoka, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. "Nyumba imekuwa kubwa. Nilipokuwa nikikuona pale kwenye jiwe, nilijua Leonidas yupo. Sasa naangalia jiwe tupu, na uoga wote umebaki kwangu peke yangu."

Ndani, Marietha akakohoa. Kwa ukuta akamtumia salamu mkwe wake, na Mzee kwa ukuta akazipokea, akaulizia mgongo wake, akaulizia usingizi wake.

"Huyo Mungu wako," Mzee akasema baadaye, "mtu akikabidhiwa kwake, anamrudisha?"

Raheli alitaka sana kusema ndiyo. Lilikuwa neno jepesi, na mzee alikuwa ametembea mwendo wote ule kulifuata. Lakini ahadi alikuwa amepewa nyingi mwaka ule, akajua zinavyokuwa.

"Sijui kama atamrudisha, baba. Ninachojua hatamwacha njiani, kama walivyomwacha watu."

Mzee alilifikiria hilo, akiichora ardhi kwa fimbo. Akasema yeye kuomba hajui, na kwa umri wake hataki kujifunza akachekwa.

"Mimi nitaomba," Raheli akasema. "Wewe kaa tu, baba."

Akaomba, kwa sauti ya kawaida, akimtaja Leonidas kwa jina lake na jina la baba yake. Mzee alikaa mpaka mwisho. Kisha akauliza kama uji umebaki.