Mwaka wa Jiko Moja

Meli ya mwisho ya korosho iliondoka Bandari ya Mtwara mwezi wa tatu, mwaka sabini na nne, na baba yangu akarudi nyumbani na lile gunia lake la kuwekea begani amelikunja kwapani. Jina lake Waziri. Alikuwa kibarua wa kupakia mizigo. Meli ikiwepo ana kazi, isipokuwepo anakaa barazani akishona viatu ambavyo alikwisha kuvishona juzi. Kila mwaka ilikuwa hivyo, na kila mwaka tulivuka mpaka msimu mwingine. Lakini mwaka ule mvua zilikuwa zimegoma sehemu nyingi za nchi. Unga ulipanda bei, sukari ikawa ya foleni, na mafuta ya taa ndiyo usiseme.

Tulikaa mtaa wa Rahaleo, nyumba ya vyumba viwili na ua wa makuti nyuma. Mimi, Tabu, nilikuwa na miaka kumi, na chini yangu kulikuwa na wadogo watatu. Mama yangu aliitwa Mgeni, mzaliwa wa Kitaya, kando ya Ruvuma. Siku baba aliporudi na gunia lake, mama aliingia jikoni. Alichukua mche wa sabuni, akaukata kwa uzi vipande vinane, akavianika juu ya bati, kwa sababu sabuni iliyokauka haiishi upesi. Hapo nikajua mambo yamebadilika.

Tangu siku ile nazi ilikamuliwa mpaka tui la tatu, lile jepesi linalofanana na maji ya kuoshea mchele, na machicha yakaenda kwa kuku. Samaki alinunuliwa jioni, wachuuzi wanapokaribia kufunga na hawataki kurudi na mzigo. Ugali ulikuwa wa makopa, mhogo mkavu uliotwangwa, mweusi kidogo na mtamu ukiuzoea. Chai ilikuwa ya majani ya mchaichai, na badala ya sukari kila mtu alipewa kipande cha kochoko, yaani bibo la korosho lililokaushwa juani tangu msimu uliopita. Unatafuna kidogo, unapiga funda, unatafuna tena. Mdogo wangu Salumu alikuwa akificha chake shavuni mpaka anafika shule.

Upande wa pili wa ua wetu walikaa Josephu na mkewe Raheli, watu wa Masasi, Wakristo, nao wana watoto wanne. Mkubwa wao aliitwa Esta, niliyesoma naye darasa moja. Josephu alikuwa fundi wa malori. Malori ya korosho yakisimama, naye kazi yake imesimama. Kwa hiyo wanaume wawili walikuwa barazani, kila mmoja kwake, na wake wawili jikoni, kila mmoja akipuliza moto wake.

Asubuhi moja mama alikuwa ameinama anapuliza, kuni mbichi, moshi umejaa. Akasikia mtu anakohoa upande wa pili wa makuti.

"Mama Esta, unapika nini huko?" akauliza.

"Uji. Na wewe Mama Tabu?"

"Uji."

 Kisha wakaanza kucheka, kila mmoja upande wake, mpaka mama akakaa chini.

"Sasa tunahangaika na mioto miwili ya nini?" mama akasema. "Kwetu Kitaya, wakati wa kulinda mpunga, tunahamia mashambani nyumba nne tano. Anayeamka mapema anakoka moto, wengine tunaleta tulichonacho. Hakuna aliyewahi kufa."

Mama Esta aliacha uji wake. Alizunguka, akaingia uani kwetu, akachuchumaa karibu na mama. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, anayesema polepole.

"Mimi nataka," alisema. "Lakini nyinyi ni Waislamu. Basi tutumie masufuria yako wewe, yangu yakae ndani. Na siku ya kuku, achinje Baba Tabu. Sitaki ule na moyo una wasiwasi."

Mama alimshika mkono. Siku ileile wakafungua kamba za makuti matatu ya ua, wakayatoa, na mafiga yakahamia pale kwenye upenyo, nusu kwao, nusu kwetu.

Sisi watoto hatukujua kwamba ni shida iliyotuleta pamoja. Kwetu ilikuwa kama sikukuu isiyokwisha, hasa siku wajomba walipoleta mpunga kutoka Kitaya. Tulikula mkekani, watoto wanane tumezunguka sinia moja, na Mama Esta anatugawia dagaa kwa mkono wake ili mwenye vidole virefu asimdhulumu mwenye vidole vifupi. Magharibi iliwashwa koroboi moja badala ya mbili, tukafanyia hesabu zetu pale, Esta akiwaelekeza wadogo zangu. Jumapili, Mama Esta akitoka kanisani, tulikwenda porini na majembe kuchimba ming'oko, vile viazi vyembamba vya mwituni, tukirudi tunavichemsha kwa chumvi. Mama alijua kupata ladha kwenye kitu kidogo. Mama Esta alijua kukifanya kitoshe; jioni yeye alikwenda feri, kwenye soko la samaki, na mama akabaki kutwanga makopa. Walinunua doti moja ya kanga kwa pamoja, wakaipasua, kila mmoja akachukua upande wake. Wakienda msibani au hospitali walionekana kama ndugu waliozaliwa tumbo moja, mmoja mfupi mmoja mrefu.

Mzigo wa kuni wa kila nyumba uliokuwa ukikaa wiki mbili sasa ulikaa karibu mwezi. Hata baba, ambaye mwanzoni alikula ameangalia pembeni, alianza kumsubiri Josephu kabla ya kunawa.

Mwezi wa nane akaja shangazi yangu Mastura kutoka Mikindani. Alikuwa dada mkubwa wa baba, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na baba hakuwahi kumkatalia neno. Alifika mchana, tukamwamkia, akaketi. Aliona upenyo kwenye ua. Aliona mafiga. Aliona mama anachota unga kwenye debe la Mama Esta bila kuomba. Majirani walipokwisha kurudi ndani kwao, akamwita baba chumbani. Nilikuwa nafagia nje ya dirisha.

"Waziri," alisema, "Mikindani watu wananiuliza. Eti mdogo wako kule mjini analishwa na jirani, ni kweli? Nikasema uongo. Sasa nimekuja nimeona kwa macho yangu. Mimi nitawajibu nini?"

Nikasikia baba anasogeza kiti.

"Si hivyo, dada."

"Ni vipi basi?"

 Shangazi aliondoka kesho yake. Jioni ile baba alichukua yale makuti matatu, akayasimamisha, akafunga kamba, akavuta mpaka mikono ikawa myekundu. Mama alisimama mlangoni.

"Baba Tabu, nikamwambie nini Mama Esta?"

"Usimwambie kitu. Kila mtu na jiko lake."

 Mama alichukua mafiga mawili yaliyokuwa yetu, akatafuta jiwe la tatu, akakoka moto kwenye kona ya zamani. Upande wa pili nikasikia Mama Esta anawaita watoto wake ndani, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. Kesho yake shuleni Esta alikaa dawati la nyuma. Sikumlaumu. Mimi pia sikujua nitamwambia nini.

Siku zile ndipo tulipoiona njaa sawasawa. Chakula kilikuwa kilekile, lakini kilipungua haraka, kama vile debe limetoboka. Samaki wa kugawana hakuwepo tena. Mama akienda feri hakuna wa kutwanga makopa nyumbani, akitwanga hakuna wa kwenda feri. Kuni ziliisha kabla ya wiki mbili. Jioni ile mama alimwambia baba bila kupandisha sauti: "Kuni hakuna, na pesa ya kuni hakuna. Kesho tunapikia nini?"

Baba akachukua panga asubuhi, akaelekea njia ya Naliendele kutafuta kuni. Mwanaume wa Rahaleo kubeba kuni kichwani, mchana, si jambo dogo. Yaliyotokea huko alitusimulia mwenyewe, si mara moja, na kila alipofika katikati alikuwa anaanza kucheka.

Alikata matawi makavu ya mikorosho iliyozeeka, akafunga mzigo mkubwa kwa magome, akajitwika. Jua lilikuwa limesimama. Alipotokeza barabarani, mbele yake hatua ishirini akaona mtu mwingine amejitwika mzigo wa kuni, anayumba kama mlevi. Shati lilikuwa limechafuliwa na oili ya malori. Alikuwa Josephu.

Baba alitaka kurudi nyuma. Lakini kuni zake ziligonga mti, zikapiga kelele, Josephu akageuka.

"Ndugu Waziri."

"Ndugu Josephu."

"Mzigo huo wa jiko gani?"

"Wa jiko langu."

"Na huu wa langu," Josephu akasema. "Kwako leo wanapika nini?"

"Makopa."

"Na kwangu makopa."

Hapo, baba alisema, wote wawili wakaangua kicheko. Walitupa mizigo chini, wakakaa juu yake kandokando ya barabara, wakacheka mpaka mama mmoja aliyepita na ndoo akawauliza kama ni wazima.

Kicheko kilipoisha baba akasema, "Mimi ndiye niliyefunga ua. Dada yangu alikuja na maneno ya watu. Niliona aibu. Watu wanasema unanilisha."

Josephu akageuka juu ya mzigo wake.

"Nani anakulisha?" akauliza. "Mimi miezi yote ile nilikuwa nikila kwa aibu. Masufuria ya kwenu, kuku wa kwenu, mpunga ule ulioletwa na shemeji zako wa Kitaya. Nilikuwa namwambia Raheli kila siku, tutamlipa nini Waziri? Ulipofunga ua nikasema, haya, amechoka kunilisha."

"Mimi?" baba akasema. "Na samaki wote wale ambao Mama Esta alikuwa akiwapata? Na jembe lako? Na watoto wangu waliosomeshwa hesabu na mwanao?"

Wakakaa pale, watu wazima wawili, kila mmoja akimhesabia mwenzake alichokula kwake, na kila mmoja akigundua kwamba mwenzake alikuwa amelala na mzigo uleule.

Niliwaona wanakuja, wamefuatana, nyuso zimejaa vumbi. Hawakwenda kila mmoja mlango wake. Waliingia wote uani kwetu. Baba alishusha kuni, akachukua panga, akakata kamba za ua kwa mapigo matatu. Makuti yakaanguka. Upande wa pili Mama Esta alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

"Mama Esta," baba alisema, "tusamehe. Mimi ndiye niliyekosea, si Mama Tabu."

Mama Esta alimtazama mumewe, akamtazama mama yangu. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, lakini alichosema ni: "Basi hizo kuni mtazileta huku au zitakaa hapo mpaka kesho?"

Mama yangu akaangua kicheko. Esta alikuja mbio, akanishika mkono, na mpaka leo hatujazungumzia lile dawati la nyuma.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia. Mama Esta alikuwa hafungi, lakini mchana alipika chakula cha watoto wadogo nyuma ya nyumba ili harufu isitufikie, na alasiri alianza kusaidia futari. Siku ya kumi shangazi Mastura akaja tena. Alipoona ua uko wazi, akasimama. Baba alimtandikia mkeka.

"Karibu, dada. Futari iko tayari. Aliyepika ni Mama Esta."

"Waziri, nilikwambia nini?"

"Uliniambia watu wanauliza," baba alisema, kwa upole, kama anavyosemeshwa mama mzazi. "Waambie ndiyo. Waambie wananilisha, nami nawalisha. Usiseme uongo tena kwa ajili yangu."

Adhana ikasikika. Shangazi alikula tende, akanywa maji, akavuta bakuli la mihogo ya nazi.  Alipomaliza alimwuliza Mama Esta, bila kumtazama usoni, jinsi anavyofanya mhogo usipasuke. Mama Esta akasogea, akamweleza. Walikuwa bado wanaelezana adhana ya Isha iliposikika.

Mwezi wa kumi na moja meli zilianza kuingia. Baba alirudi bandarini na gunia lake, malori yakajaa njia ya Newala na Masasi, Josephu hakulala nyumbani siku tatu katika wiki. Hakuna aliyetangaza kwamba jiko moja limekwisha. Kwanza chai ya alfajiri ilipikwa mbalimbali, kwa sababu baba alikuwa akiondoka mapema. Kisha sukari ikapatikana, kila nyumba ikanunua yake. Tulibaki na chakula cha jioni tu, na hicho tulikishikilia.

Mwaka uliofuata Josephu alipata kazi ya kudumu kwao Masasi. Lori lilikuja saa mbili asubuhi, wakapakia vitanda, kabati, masufuria yale yaliyokaa ndani muda mwingi. Mama na Mama Esta waliagana haraka haraka, kama watu wanaoogopa kukaa sana. Esta alinipa penseli yake ndefu.

Kwa wiki nyingi baada ya hapo mama alikuwa akipika chakula kingi kupita kiasi. Ugali ulijaa sufuria mpaka mfuniko haukai. Jioni moja baba alifunua, akashangaa.

"Mama Tabu, tuna wageni leo?"

"Hatuna," mama akasema. "Ni mkono tu, haujazoea."

Baba akachukua sahani yake, akajaza kuliko alivyoweza kula, akakaa karibu na moto.