Kabati Lililotaka Kumpunguza Mume Wangu

Usiku wa jana nililala na makande tumboni, nikaota niko ofisi ya chuo kikuu, nimemsindikiza mjukuu wangu Senkondo kubadilishiwa jina.

Mjukuu huyu alizaliwa akaitwa Nakijwa. Alipokua akasema yeye ni mwanamume, akachukua jina la marehemu babu yake. Wanangu walinuna. Mimi nilicheka, maana kwetu mjukuu mwenye jina la babu ni mume wa bibi. Keshokutwa ni mahafali, na ameapa wakiita Nakijwa hainuki kitini.

Karani ni kabati la chuma lenye miwani.

"Shikamoo," Senkondo analiambia.

"Marahaba. Utaratibu unasema mwanafunzi afanane na taarifa zake." Linafungua droo, linatoa kadi ya kliniki. "Hapa ana kilo mbili na nusu. Wewe una ngapi?"

"Sitini na nane."

"Umezidi. Apunguzwe."

Muhuri unashuka mezani na msumeno. "Tuanzie wapi?" unauliza, kwa adabu kabisa.

"Anza na meno," linasema kabati. "Hapa hana hata moja."

Senkondo anafunga mdomo.

"Huyu ni mume wangu," nasema. "Hapunguzwi."

"Wewe mama cheti chako cha kuzaliwa kiko wapi?"

"Sina. Nilizaliwa shambani, tunavuna maharage."

Kabati linavua miwani. "Kama huna cheti, hujazaliwa. Kaa pale usubiri kuzaliwa. Utaitwa."

Nakaa. Nawaza. Nainuka.

"Kupita hapa kaunta amekatazwa nani?"

"Kila mtu."

"Aliyezaliwa?"

Linapekua droo zake zote, hata ile ya chini yenye kutu. "Aliyezaliwa," linakiri.

Basi napita. Naunyang'anya muhuri msumeno.

"Utashtakiwa," unasema muhuri.

"Nani? Mimi bado sipo."

Naegemea ukuta nipumzike, ukuta unakuwa pazia, na nyuma yake ni ukumbi wa mahafali. Viti vimejaa majoho matupu, Senkondo ameketi katikati yake. Kabati limeshafika jukwaani, linasoma majina.

"Nakijwa."

Joho moja linajaribu kuinuka, linaona aibu, linakaa.

"Nakijwa."

"Hayupo," nasema kutoka nyuma.

"Hatuendelei mpaka ainuke."

"Hewala. Tutalala hapa hapa."

Nafunua sufuria ya makande niliyokuja nayo. Majoho yananusa, yanasogea na sahani. Saa zinapita, nywele za Senkondo zinaota mvi, naye hainuki. Namwambia ale, anakula ameketi. Jukwaani kabati linaanza kunguruma tumbo, droo zinagongana.

"Kimebaki kidogo?" linauliza.

"Kipo. Soma vizuri kwanza."

Linaangalia dari. Linaangalia sufuria.

"Senkondo," linasema, polepole kama mtu anayetemea mfupa kiganjani.

Mume wangu anainuka, kilo zote sitini na nane, na meno yake yote nje.

Nikaamka kumekucha, simu inaita. Ni yeye.

"Bibi, wamebadilisha. Jina, jinsia, vyote. Nimeangalia sasa hivi kwenye ukurasa wangu wa chuo."

"Sasa mbona sauti imepooza?"

"Kuna kosa moja. Wameandika nimeoa. Nirudi ofisini wakafute?"

"Thubutu," nikamwambia. "Mimi nimeshafiwa na mume mara moja, inatosha."