Kunyolewa kwa Erastus

Kocha Dieter Brandau alikuwa na kipara kinachong'aa, na wachezaji wake walikitania. Hakujali. Kwao Ujerumani alikuwa amecheza daraja la pili mpaka goti likamharibikia, akageukia ukocha, na kazi hiyo ikamzungusha huku na huku hadi ikamfikisha Ruiru, kwenye timu ya vijana wa viwandani. Bingwa wa utani alikuwa Erastus, beki wa kushoto, aliyesema kwamba kocha akivua kofia kipa haoni mpira.

Halafu Erastus akapotea wiki nzima. Aliporudi mazoezini, kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kikabaki ngozi tupu. Wenzake waliinamisha vichwa. Kocha alidhani Erastus ameiga kipara chake na wenzake wanajizuia kucheka, damu ikamchemka. Akamwamuru avue fulana ya timu mbele ya wote, akamwambia mpira si mchezo wa kuigiza, na mechi ya Thika asiiwazie. Erastus akaikunja fulana vizuri, akaiweka kwenye nyasi, akaenda zake.

Ndipo nahodha Mwas akasogea. "Kocha, huyo ametoka Bungoma kumzika babake. Huko kwao, mzazi akishazikwa, watoto wananyolewa."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Mwas alitazama viatu vyake. "Si ulituambia wewe babako alizikwa ukiwa uwanjani, na ukafunga bao? Tuliona haina haja."

Masikio ya kocha yaliwaka moto. Ni kweli, aliwasimulia hayo kama somo la nidhamu. Gazeti la mjini kwao lilimsifu siku ile, na miaka yote alijivunia sifa hiyo. Sasa alitamani ardhi immeze.

Kesho yake jioni alikwenda mtaa wa Murera, kwenye chumba cha Erastus. Nelima, mke wa Erastus, alimpa kiti kizuri na kumpa pole ya safari. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimchoma zaidi. Chai ilipoletwa, Nelima akamwomba mgeni awaombee, kama ilivyo desturi. Kocha akainamisha kichwa. Hakuwa ameomba tangu utotoni.

"Mungu," akasema, kisha akakwama. "Nimemkosea mtu wa nyumba hii."

Nelima akaitikia amina taratibu, akamimina chai.

Erastus alizungusha kikombe chake mkononi. "Ya hapa nimesikia, kocha. Lakini hukunifukuzia hapa."

Jumamosi, uwanjani Thika, vijana waliposhikana mikono kwa maombi kabla ya mechi, kocha aliwaomba wamsikilize kwanza. Kwa Kiswahili chake cha kuungaunga aliwaambia kwamba amemwaibisha mfiwa mbele yao. Akawaambia pia kwamba lile bao lisiwe mfano kwa yeyote. "Ningeenda kumzika baba," akasema.

Erastus, aliyekuwa amesimama pembeni bila jezi, aliichukua mkononi mwa kocha bila kumtazama, akaivaa, akanyoosha mkono kumshika Mwas, na duara likaanza kuomba. Kocha alibaki nje ya duara, macho chini, hajui kama anaruhusiwa kuingia.