Sauti Ndani ya Kontena

Hortense Mbuyi na Faustin Kambale hawakuwahi kuingia pamoja ndani ya kontena la mashine, na siku waliyoingia ndiyo siku mlango ulipowafungia.

Kila mtu pale kwenye kituo cha mafunzo, kwenye barabara ya kwenda Kasapa mjini Lubumbashi, alijua kwamba wawili hao hawapikiki chungu kimoja. Hortense alikuwa mwalimu wa usalama wa kompyuta chuoni, mzaliwa wa mtaa wa Hewa Bora, wazazi wake watu wa Kasai, na ulimi wake haukuwa na breki. Faustin alikuwa fundi wa kompyuta wa wafanyabiashara wa Butembo, wale wenye malori. Wezi walikuwa wameingia kwenye mashine za matajiri hao kwa njia ya mtandao, wakabadilisha safari za mizigo, lori zima la sukari likapotelea njiani. Basi wafanyabiashara wakatoa kontena na mashine, chuo kikatoa mwalimu na wanafunzi, ikasemwa wawili hawa wafundishe vijana kwa pamoja. Kusema ni rahisi.

Kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake, waliweka sheria. Ufunguo wa dharura ungekaa na mwanafunzi wa zamu, naye asiugeuze mpaka mmoja wa wakuu awe amesimama nje, mbele ya macho yake. Hortense akiwa ndani, Faustin awe nje. Faustin akiwa ndani, Hortense awe nje. Kufuli la umeme lenyewe walichagua lile linalobaki limefungwa umeme ukikatika, maana mwizi wa Lubumbashi huanza kwa kukata kebo. Hilo peke yake walikubaliana bila kugombana.

Asubuhi hiyo waligombea mashine ipi izimwe kwanza ili isafishwe. Hortense alisema anaingia kuangalia mwenyewe. Faustin alisema mashine za matajiri wake haziguswi huku yeye akisubiri nje kama mgeni. Wakaingia wote wawili bila mwanafunzi yeyote kuwaona, wakiongea kwa mpigo mmoja, na mlango mzito ukajirudisha nyuma yao kama kawaida yake.

Kisha umeme ukakatika.

Taa zilizima. Feni za mashine zilishusha sauti kidogo kidogo mpaka zikanyamaza. Hortense alibonyeza kitufe cha kutokea. Akabonyeza tena, kwa nguvu.

"Betri ya kufuli itashika sasa hivi," Faustin alisema gizani.

Walisubiri. Hakuna kilichoshika.

"Betri gani?" Hortense aliuliza.

"Ile yenye ulinunua."

"Mie? Si weye njo ulisema utaileta, ya bei muzuri, ya kwenu Butembo?"

"Nilisema kama chuo kinashindwa. Chuo kilisema kimeshindwa?"

Chuo hakikusema chochote. Kila upande ulikuwa umekaa ukingoja kuona aibu ya mwenzake.

Aliwasha taa ya simu. Mtandao haukuwepo, chuma cha kontena hakikuruhusu hata alama moja. Ilikuwa Oktoba, mvua bado haijaanza, na kontena lilisimama uwanjani juani bila kivuli. Kiyoyozi kikiwa kimezima, joto lilianza kushuka kutoka darini kama pumzi ya tanuri.

"Nani iko na zamu?" Faustin aliuliza.

"Shalom."

Faustin alicheka kidogo, na mwisho wa kicheko ukawa kikohozi. "Basi tumekwisha."

Hortense alijua kwa nini. Wiki iliyopita waliwafanyia wanafunzi jaribio. Faustin alitengeneza sauti ya Hortense kwa kompyuta, sauti yake hasa, pamoja na ule ukali wake. Wakaificha spika ndani ya kontena, na Shalom akiwa zamu, sauti ikaanza kulia: Shalom, mutoto wangu, fungula, nimefungiwa, ninakufa. Shalom alifungua mbio. Mtu aliyevaa kofia akatoka na diski za mashine mkononi. Alikuwa Faustin. Hortense alimsimamisha Shalom mbele ya darasa akamwambia kwamba moyo wake laini utaangusha kampuni nzima, na kwamba mtu wa namna hiyo aende kuuza maandazi. Shalom hakulia. Alikaa tu, akafungua daftari lake.

Sasa Hortense aligonga chuma kwa ngumi.

"Shalom! Fungula mulango!"

Kisha sauti ya msichana, nyembamba, kupitia mpira unaoziba ukingo wa mlango: "Nani?"

"Madame Hortense. Courant imekatika. Niko na Papa Faustin."

"Bote wawili?" Nje palisikika vicheko vya wanafunzi. "Beye bawili habaingiake pamoja. Ata mutoto mudogo anajua."

"Leo tumeingia."

"Nitaita simu zenu kwanza." Walingoja. "Hazipatikane. Madame mwenyewe alitufundisha: mwizi anachagulaka saa yenye wenyewe habapatikane."

Ni kweli, Hortense alifundisha hivyo, tena aliwaandikisha.

"Shalom, ninakuamuru."

"Ile ya wiki iliyopita pia iliniamuru."

Nyuma yake Faustin alikuwa ameketi sakafuni. Hortense alimmulika. Mabega yake yalipanda na kushuka haraka, na kila pumzi ilitoka na filimbi.

"Ni nini?"

"Pumu. Ya tangu utoto."

"Pompe yako ya dawa iko wapi?"

"Mu veste." Alivuta pumzi. "Veste iko mu gari."

Hortense alimfungua vifungo vya shati, akamwegemeza ukutani, ukuta ukawa wa moto, akamvuta amwegemee yeye. Mwaka mzima hawakupeana hata mkono, na sasa kichwa cha yule mtu kilikuwa begani mwake.

"Wanafunzi wako," Faustin alisema kwa shida, "wamefundishwa vizuri."

"Nyamaza. Chunga pumzi."

Akaanza kupiga kelele. Alisema Papa Faustin anakufa, wakimbie kwenye gari, pompe iko mfukoni mwa koti lake. Nje watu walinong'ona. Kisha Shalom: "Wiki iliyopita pia mutu alikuwa anakufa."

Hortense alimtukana. Alimwita kichwa cha jiwe, alimwita mtumishi wa karatasi. Mlango haukutikisika. Basi akajaribu kitu ambacho hakuwa amekijaribu tangu aanze kufundisha.

"Shalom. Mutoto wangu. Ile siku, mbele ya benzako, nilikosa. Haukukuwa na kosa. Shiye njo tulikutega, na kisha nikakuchekesha bantu. Nisamehe."

Nje viatu vilisogea karibu na mlango.

"Sasa njo nimejua kabisa si Madame," Shalom alisema. "Madame haombake pardon."

Wanafunzi waliangua kicheko. Faustin naye alicheka, na kicheko kikamkaba. Alishika koo, macho yakamtoka, na filimbi ya pumzi yake ikawa nyembamba kama uzi.

Hortense aliacha kugonga. Angegonga mpaka jioni, isingesaidia. Kila neno ambalo angesema, sauti ya bandia ingeweza kulisema pia. Alikuwa amejenga ukuta mzuri, na alikuwa amejijengea ndani yake. Akajiuliza swali alilowauliza wanafunzi kila mwanzo wa somo: sheria hii inalinda kitu gani? Inalinda diski zisitoke. Basi.

Akaweka mdomo kwenye mpira wa mlango.

"Shalom. Usiniamini."

"Siamini."

"Muzuri. Kama mie ni mwizi, mwizi iko ndani tayari, na mashine ziko mu mikono yake. Kwa nini unamuchunga? Funga portail. Ita Papa Donat, sentinelle, na fimbo yake. Panga bantu bote mbele ya mulango. Kisha fungula. Ikitoka mwizi, mumukamate. Ikitoka Faustin, mumupe pompe. Kwa vyote viwili, unashinda."

Hortense alisikia viatu vikikimbia juu ya changarawe, kisha geti la chuma likiburuzwa. Shingoni mwake pumzi ya Faustin ilikuja, ikapotea, ikaja tena. Hakuomba kwa maneno. Alihesabu tu pumzi hizo, akisubiri inayofuata.

Ufunguo ukageuka.

Mwanga ulimpiga machoni. Mbele yake walisimama wanafunzi wote, wengine na fagio, mmoja na kiti, na Papa Donat, mlinzi, akamwekea fimbo kifuani. Hortense aliinua mikono yote miwili juu, kama mwizi wa kuku, wala hakuona aibu.

"Muangalie kwanza yeye," alisema. "Mie nitangojea."

Shalom aliingia, akammulika Faustin usoni, akageuka mara moja. "Ariel! Veste, mu gari! Vunja kioo kama imefungwa."

Ariel, mwanafunzi mwenzake, alikimbia akavunja kioo. Faustin alivuta pompe mara ya kwanza, mara ya pili, na taratibu filimbi ikalegea. Walimbeba mpaka chini ya baraza la darasa, wakampepea kwa madaftari. Hapo ndipo Papa Donat alipokumbuka kushusha fimbo.

"Kioo changu," Faustin alisema alipopata sauti.

"Chuo kitalipa," Hortense alisema. "Na betri, tutanunua pamoja. Leo."

Shalom alibaki amesimama mlangoni pa kontena, ufunguo mkononi, na mguu wake ameuweka kwenye kizingiti ili mlango usijirudishe. Hortense alimfuata. Alitaka kumwambia amefanya vizuri, lakini msichana alitangulia.

"Madame. Ile sauti yenye iliomba pardon. Ilikuwa ni weye kweli?"

Wanafunzi waliacha kupepea. Kulikuwa na njia nyingi za kutoka hapo: mzaha kidogo, ukali kidogo, amri ya kurudi darasani. Hortense aliziona zote.

"Ilikuwa ni mie."

"Basi rudilia, Madame," Shalom alisema. "Sauti peke yake haitoshake."

Hortense akageuka ili darasa zima lione uso wake, na akarudilia.