Kijiti cha Mavis

Kaka yangu Lyle ndiye mwanamume pekee ninayemjua aliyeonja uke wenza, na mwenzake alikuwa tai.

Tai mwenyewe anaitwa Mavis. Mke wa Lyle, wifi yangu Bron, aliletewa Mavis akiwa kifaranga kisicho na manyoya ya maana, baada ya dhoruba kuangusha mkaratusi uliobeba kiota chao. Akamlea jikoni ndani ya beseni la kufulia, akimlisha nyama kwa vidole. Ndege aliyelelewa hivyo hajui kwamba yeye ni tai. Humtazama anayemlisha na kuamua kwamba huyo ndiye wake. Mavis alipokua alimchagua Bron kuwa mwenzi, na kila mwaka baridi ikikaribia kwisha, wakati tai wa porini wanapojenga viota, alimletea Bron vijiti, akamwinamia, akampigia miluzi myembamba ambayo usingedhani inatoka kwa kiumbe mwenye kucha ndefu kuliko vidole vyangu. Bron alivipanga vile vijiti dirishani kama maua.

Naye Lyle, Mavis alimhesabu kuwa mwizi. Lyle akipita uani, manyoya ya shingo ya Mavis yanasimama. Kofia zake zilipasuliwa moja baada ya nyingine, na sikio lake la kushoto lina pengo mpaka leo.

"Ni msimu tu," Bron alikuwa akimwambia. "Utapita."

"Mimi nimo humu ndani misimu yote," Lyle akamjibu.

Wote wawili walikula kwa jasho la Mavis, hilo lazima niliseme. Lyle aliumia mgongo akaacha udereva wa malori ya ngano, na Bron ndiye aliyebaki na kazi. Mji wetu wa Warrambel una kasuku weupe kuliko watu. Wanatua kwenye uwanja wa mpira kama theluji yenye kelele, wanafukua nyasi, wanatafuna nyaya za taa, na sijui wanachekelea nini. Tulijaribu mzinga wa gesi unaolipuka kuwatisha, ukawaamsha wagonjwa wote wa hospitali na kasuku wakauzoea. Wapo waliotaka bunduki na sumu. Bron akasema nipeni uwanja alfajiri. Akamrusha Mavis juu, naye Mavis akazunguka mara kadhaa bila kumgusa hata kasuku mmoja, na lile kundi zima likakumbuka lina shughuli ng'ambo ya mto. Tangu hapo klabu ya mpira ilimlipa Bron, na mji mzima ulimpenda Mavis. Watoto walimchora shuleni. Hakuna aliyewahi kumchora Lyle.

Mimi nauza pai za nyama kwenye kantini ya uwanja, kwa hiyo mambo ya watu hunifikia yakiwa bado moto. Siku moja mwezi wa sita Lyle aliingia, nikamtazama, nikaweka chini koleo.

"Umefanya nini usoni?"

"Umeona?"

"Lyle, hata kipofu angeona. Umekuwa kama yai la kuchemsha."

Alikuwa amenyoa masharubu. Masharubu yale alikuwa nayo tangu kabla ya harusi. Kwenye picha ya harusi yenyewe yanaonekana kuliko bibi harusi.

"Basi kamuulize Bron kama ameona," akasema. "Nimekaa naye mezani asubuhi, uso kwa uso. Akanitazama, dada. Moyo ukanidunda. Akasema, 'Lyle, Mavis amepungua gramu thelathini.'"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka. Ndipo nikaona na suruali yake imefungwa kamba badala ya mkanda. Mwanamume alikuwa amekonda, na nyumbani kwake kulikuwa na mizani.

Ile mizani ndiyo msahafu wa Bron. Kila asubuhi anampima Mavis kabla ya chochote. Tai hafanyi kazi kwa mapenzi wala kwa kuogopa. Anafanya kwa sababu ana njaa kidogo tu, na nyama iko kwenye glovu ya Bron. Akiwa mzito anasahau kurudi. Akiwa mwepesi mno anaumwa. Kati ya hapo kuna uzito mmoja wa kurukia, na Bron anaujua kama mama anavyojua homa ya mwanawe.

Mwezi wa saba nikapekua friza ya kantini.

"Lyle, chini ya pai zangu kuna sungura."

"Ni wa kwangu."

"Nimeona si wa kwangu. Wa nini?"

"Wa kula."

"Wewe? Hujagusa sungura tangu mama atupikie kila siku ule mwaka wa ukame. Ulikuwa ukimwona tu unalia."

Akavuta kiti, akakaa, akanieleza mpango wake kwa sauti ya chini, kama mtu anayepanga kuiba benki. Mchana, Bron akienda kwenye maghala ya ngano kutazama wanakolala njiwa atakaokuja kuwafukuza, Mavis hubaki uani. Lyle hutega sungura, humkata, humpa Mavis vipande kwa fimbo ndefu, akiwa amevaa glovu yake nene ya kuchomelea vyuma asije akabaki na kidole kimoja.

"Namnenepesha," akasema. "Siku moja Bron atamrusha, na bibi ataketi juu ya mti ameshiba, aitazame nchi, aanze kufikiria maisha yake. Ataondoka. Simuui, dada. Simpigi hata kofi. Kuna watu wanatamani kufukuzwa hivyo."

"Na Bron?"

"Bron atapata nafasi ya kunitazama."

Nikamwambia mwanamume mzima kumwonea wivu ndege ni aibu ya ukoo. Akaniuliza kama mimi sikuwahi kukata matairi ya yule mwalimu wa netiboli aliyenichukulia mume wa kwanza. Nikamwambia yule angalau hakuwa na manyoya. Na kwa Bron sikusema kitu. Mtu akiwa katikati ya kaka na wifi, anauza pai tu.

Zikapita wiki. Lyle akawa anakuja kantini mapema, anachukua sungura wake, haketi. Siku moja nikaona kijani kinachungulia mfuko wa shati lake.

"Nini hicho?"

"Kijiti."

"Naona ni kijiti."

Kilikuwa cha mkaratusi, kibichi, na majani mawili. Akakitoa taratibu, akakiweka mezani kwangu, akakirudisha haraka mfukoni kama vile ningekiuza.

"Amenipa," akasema.

"Nani?"

Masikio yake, lile zima na lile la pengo, yakawa mekundu. Akaniambia tu kwamba juzi alisahau fimbo, akampa nyama kwa mkono, na Mavis hakumrukia. Alilaza manyoya ya shingo, akainama mpaka mdomo ukagusa gogo analokalia, akapiga ule mluzi.

Mimi si mtaalamu, lakini nimemsikiliza Bron miaka yote hii. Kwa tai, dume ndilo linaloleta nyama kiotani. Jike likipokea, mambo yameiva. Kaka yangu alikuwa amekwenda kufukuza mtu, kumbe kila siku anapeleka posa.

"Na mpango wako wa kumfukuza?"

"Upo," akasema, akitazama pembeni. "Sina haraka."

Kisha akaja Bron. Bron haji kantini, hapendi harufu ya mafuta. Siku hiyo alisimama mlangoni na macho yamemvimba.

"Wifi, Mavis ananipa mgongo."

"Anakupaje mgongo?"

"Nikiingia uani anageuka. Vijiti hanipi tena. Jana nimemnyooshea mkono akanifungulia mdomo, kama mimi ndiye Lyle." Akajifuta pua. "Na mizani inapanda. Namkatia chakula, inapanda. Nimepima mizani kwa mfuko wa sukari nikidhani ndiyo mbovu. Fainali ni Jumamosi, na Clarrie amesema kasuku wakitua uwanjani siku hiyo, mwakani anaita watu wa bunduki."

Clarrie ni mwenyekiti wa klabu. Akisema kitu kwa sauti ndogo, ujue amekusudia.

"Labda ana mwingine," nikasema. Mdomo wangu huu umewahi kunipa hasara nyingi.

Bron akaacha kujifuta pua. "Mwingine nani?"

"Tai mwingine, wifi. Porini."

"Nikimpata," Bron akasema, "nitamnyonyoa."

Nikampa pai. Hakula.

Jumamosi magari yalikuja tangu asubuhi, yakajipanga kuuzunguka uwanja, pua zikitazama nyasi, tayari kupiga honi kila goli. Na kabla ya timu kutoka, kasuku wakaja. Walishuka kutoka kwenye miti ya mtoni, wengi kuliko siku zote, wakafunika uwanja kuanzia mlingoti huu hadi ule. Clarrie alisimama mstarini ameweka mikono mfukoni.

Bron akaingia katikati na Mavis mkononi. Niliona midomo yake ikisema naye, ile sauti laini aliyomlelea jikoni, ambayo Lyle aliionea wivu. Mavis alikuwa anatazama kwingine. Bron akaurusha mkono.

Bibi alikuwa mzito, ila alikuwa hajasahau kazi. Alipanda polepole, akakamata upepo juu ya paa la kantini, akazunguka. Kasuku wakanyanyuka wote kwa pamoja kama shuka nyeupe iliyong'olewa kambani, wakapiga kelele zao, wakaenda zao ng'ambo ya mto. Magari yote yakapiga honi. Nilimwona Clarrie akitoa mkono mmoja mfukoni.

Bron akainua glovu yenye kipande cha nyama, akapiga filimbi.

Mavis akageuka. Akashuka chini, mabawa wazi, mapana kuliko mlango wa gereji. Akaja moja kwa moja kwa Bron, akampita hivi, karibu kumpeperusha kofia, akaendelea mbele.

Akaja kwenye foleni yangu.

Lyle alikuwa wa tatu, ameshika pai yenye sosi. Aliiachia pai ikaanguka kwenye kiatu cha jirani. Mkono wake ukaingia ndani ya koti, ukatoka na ile glovu ya kuchomelea, ukavaa, ukainuka, kwa wepesi wa mtu aliyelifanya jambo hilo mara nyingi. Mavis akatua juu yake. Akakunja mabawa. Akainama mpaka mdomo ukagusa glovu, akapiga mluzi mbele ya mji mzima.

Honi zikanyamaza moja moja.

Bron alitembea uwanja wote ule peke yake, bado ameshika nyama. Nimewahi kufumania, naujua ule mwendo. Mtu hakimbii. Alipofika, Mavis alisimamisha manyoya ya shingo na kumzomea.

"Hiyo glovu ni ya nini?" Bron akauliza.

"Ya kuchomelea," akasema Lyle.

"Ulikuja kuchomelea fainali?"

Lyle akatazama sosi kwenye kiatu cha jirani.

"Unampa nini?"

"Sungura."

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ilipoanza kukaza."

"Mimi nimepima mfuko wa sukari," Bron akasema polepole. "Nimelia kwa wifi. Nimekaa usiku nikijiuliza nimemkosea nini. Kwa nini, Lyle?"

Angeweza kudanganya. Foleni nzima ingemsaidia, tunampenda. Akasema, "Nilitaka ashibe aende zake. Halafu akanipa kijiti."

"Alikupa kijiti." Sauti ya Bron ilikatika hapo kwenye neno la mwisho. Sikuwahi kumwona hivyo, hata alipofiwa na mama yake. Alikuwa anaona wivu, na nadhani yeye mwenyewe alikuwa hajui ni wivu wa nani, wa ndege au wa mume.

"Nilinyoa masharubu, Bron," Lyle akasema.

"Nini?"

"Masharubu. Nilinyoa."

Bron akamtazama. Alimtazama kweli, kidevu, mdomo, sikio la pengo, ile kamba kiunoni. Mtu nyuma ya foleni aliuliza kama pai zipo, akakanyagwa mguu.

"Lini?"

"Mwezi wa sita."

King'ora cha mchezo kikalia, tukalazimika kusogea. Tulifungwa vibaya mno siku hiyo, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na kasuku wa kumsingizia.

Asubuhi ya pili nikawapelekea pai zilizobaki, na kwa kweli nilikwenda kuchungulia. Niliwakuta uani. Mavis alikataa kupanda mizani bila Lyle. Kila akiwekwa, anamrukia mkononi. Bron akavuta ile mizani kubwa ya kupimia marobota ya sufu.

"Panda naye," akamwambia mumewe. Lyle akapanda. Bron akasoma. "Sasa mweke kwenye gogo, upande peke yako, nitoe hesabu yako."

Lyle akapanda peke yake, amesimama wima kama kuruta, anashikilia suruali. Bron akainama kusoma. Akakaa vile ameinama, na hesabu ya Mavis nikaona imemtoka kichwani.

"Umepungua," akasema.

"Kidogo."

"Si kidogo. Unakula nini wewe?"

"Kinachobaki."

Bron akanyanyuka, akamsogelea, akaweka kidole pale yalipokuwa masharubu, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kwenye gogo, Mavis akafunua mabawa, shingo imesimama, akapuliza pumzi ya hasira ambayo mimi ningeshaikimbia.

Bron hakuuondoa mkono. Aligeuza kichwa tu.

"Tulia, bibi mdogo," akamwambia. "Mimi ndiye bi mkubwa hapa."